Siku Nne Chini ya Uluguru: Mji wa Vyuo na Maji ya Ruvu

Ndugu Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa gazeti hili la mkutano wetu, alinipa sharti moja tu: isiwe historia ya shule, kwani hiyo imekwisha andikwa mara nyingi na wenye kumbukumbu kunizidi. Nimetii. Nitaeleza habari za mji wa Morogoro, ambako nilikwenda na jamaa yangu kwa siku 4 za mapumziko ya Pasaka, tangu Ijumaa Kuu tarehe 18 hadi Jumatatu tarehe 21 Aprili, 2025.

Ndugu wasomaji wasidhani kwamba haya ni masimulizi ya matembezi tu. Sisi wa Gwata tu watu wa bonde la Ruvu. (Ziko Gwata zaidi ya moja mkoani Pwani, mimi ni wa ile ya Kibaha, na wenzangu wa ile ya Kisarawe wataniwia radhi nikiwasemea.) Mto Ruvu huzaliwa katika milima ya Uluguru, na chini ya milima hiyo ndipo ulipo mji wa Morogoro. Kwa hiyo mtu wa kwetu akienda Morogoro haendi ugenini. Anakwenda kwenye asili ya mtungi wake.

Safari yenyewe ilizaliwa na mabishano ya nyumbani. Binti yangu, aliyeko kidato cha tatu, alikuwa amepangiwa na walimu wake kusema katika mjadala wa shule, upande wa kuunga mkono hoja hii: "Wakulima wa Uluguru wahamishwe ili Mto Ruvu upone." Alikuwa amekwisha andika kurasa 3. Alianza na Oktoba 2022, wakati maji ya Ruvu yalipopungua mno hata Dar es Salaam ikatangaziwa mgao wa maji, akamalizia kwa kusema kwamba wanaokata miti milimani hawana huruma na wanaoishi bondeni. Mama yake akamuuliza, "Wewe umewahi kumwona huyo mkulima unayetaka kumhamisha?" Mtoto akanyamaza. Nami nikaona kwamba swali lile linastahili nauli ya basi.

Njiani

Tangu Juni 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na vijana wangu waliitamani sana. Niliamua tupande basi pale Mlandizi kwa sababu moja: nilitaka walione daraja la Ruvu taratibu, kutoka barabarani. Ilikuwa masika. Maji yalikuwa mengi, mazito, rangi ya chai ya maziwa. Mwanangu mdogo akauliza kwa nini mto una matope namna ile. Nikamwambia kwamba ule ni udongo wa shamba la mtu, na shamba lenyewe tutalikuta mbele ya safari.

Pale Mlandizi ndipo ulipo mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959 kusafisha maji kwa ajili ya Dar es Salaam. Ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulifuata mwaka 1976. Mitambo hiyo miwili ndiyo iliyoubeba mji mkuu huo wa biashara miaka yote hii, nao hutegemea mto huo mmoja. Tukapita Chalinze, Ubena Zomozi na Mikese, hata Uluguru ikatokea upande wa kushoto, kichwa chake kimefunikwa na mawingu.

Tulipokewa na mwenzetu mmoja wa darasa, tuliyelala naye bweni moja, ambaye sasa ni mkazi wa Morogoro. Ameniomba nisimtaje jina, lakini wa mwaka wetu watamjua nikisema kwamba bado anakunywa chai isiyo na sukari.

Mji uliobomolewa na mto wake

Vijana wengi hudhani kwamba Morogoro ulianzishwa na Wajerumani kwa ajili ya reli. Sivyo. Kabla ya reli palikuwa na mji wenye ngome, ulioanzishwa na Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Kizigua aliyeshika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Baada yake akatawala binti yake. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Dakta Livingstone, aliuita mji huo Simbamwenni, akasifu kuta zake za mawe na minara yake.

Jambo ambalo halisemwi mara kwa mara ni lililotokea mwaka uliofuata. Mwaka 1872, wakati wa masika makubwa na tufani iliyopiga Unguja, mito ya Uluguru ilifurika. Stanley aliporudi njia ile ile alikuta ukuta wote wa mbele umechukuliwa na maji pamoja na nyumba zipatazo 50. Ngome iliyowashinda maadui wenye bunduki haikuushinda mto.

Nilimsimulia binti yangu habari hizi tukiwa tumesimama kandokando ya Mto Morogoro, ambao huingia Ngerengere, nayo Ngerengere huingia Ruvu. Nilitaka aelewe jambo moja tangu mwanzo: ugomvi wa mlima na bonde juu ya maji haukuanza na wakulima wa leo. Mlima huo ni mkali, mvua yake ni nyingi, na maji yake yalikuwa na nguvu ya kubomoa mji hata wakati misitu ilikuwa mikubwa kuliko sasa.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule ilipozuka Vita vya Maji Maji, ikafika Morogoro mwaka 1907. Hapo ndipo mashamba ya mkonge yalipoenea na manamba wakaletwa kutoka mbali. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, yakauteka mji, na bendera ikabadilika. Mlima haukubadilika.

Nyumba ya mapumziko na matuta ya ngazi

Jumamosi tulipanda hadi Morningside. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili wapate pahala pa kukwepa joto la chini. Njia yake ni ya miguu, nayo usiku uliotangulia ilikuwa imenyeshewa. Mama watoto alivua viatu akatutangulia sote. Tulipishana na akina mama wa Kiluguru wakishuka na matenga ya ndizi, mboga na stroberi kichwani, wakienda sokoni kwa mwendo ambao sisi tusio na mzigo hatukuuweza.

Hapana budi niseme neno juu ya mapumziko haya ya mlimani. Zamani desturi hiyo haikuwa yetu. Mzungu alipanda mlimani kupumzika. Mwafrika alipanda amebeba sanduku la Mzungu. Leo mtu wa Gwata hupanda na watoto wake, na mkate na chupa ya chai, akaketi penye nyumba ile ile. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tukipanda kwa macho ya yule wa zamani, tukauona mlima kuwa ni baridi na mandhari tu, wala tusimwone mwenye shamba, basi tutakuwa tumebadilisha mpumzikaji tu.

Sasa nifike kwenye kiini cha makala yangu.

Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Waingereza iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Mabwana shamba walikuwa wameona jambo la kweli: udongo ulikuwa ukiporomoka na Ruvu ukijaa matope. Walitaka kuulinda mto kwa faida ya watu wa chini, mashamba makubwa na mji wa Dar es Salaam. Dawa waliyoiandika ni matuta ya ngazi: kila mwenye shamba aukate mteremko kama ngazi, asipofanya hivyo apelekwe barazani na kutozwa faini.

Waluguru walichimba, wakaona matokeo. Katika miteremko mingi ya Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ukichimba ngazi bila uangalifu, udongo ule mzuri hufukiwa chini na ule usiozaa hutokea juu. Mahindi yakadumaa. Aidha, siku za kuchimba zilitolewa katika siku za kulima chakula. Tena palikuwa na jambo ambalo bwana shamba hakulijua au hakulijali: ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Wengi walilima ardhi waliyoazimwa na ukoo mwingine. Kwao kujenga kitu cha kudumu juu ya ardhi ya kuazimwa ni kama kudai kwamba ni yako. Mwenye kuazima aliogopa kufukuzwa, na mwenye ardhi aliogopa kunyang'anywa.

Malalamiko yalipuuzwa. Julai 1955, mwaka mmoja baada ya kuundwa TANU, umati ulikusanyika Matombo kupinga matuta. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mwaka huo huo mpango ukaachwa, na matuta mengi yakarudi kuwa mteremko.

Tulimkuta mzee mmoja akipalilia maharage juu kidogo ya njia. Tukamwamkia, naye akatukaribisha tuketi. Binti yangu, kwa adabu, akamwuliza, "Shikamoo babu. Ni kweli zamani watu walikataa matuta?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Niliyasikia kwa mama yangu. Walikataa amri."

"Na matuta?"

Mzee akatuonyesha chini ya miguu yake. Palikuwa na ngazi tatu fupi, kingo zake zimeoteshwa majani ya ng'ombe. "Haya nimechimba mwenyewe. Udongo wa juu nauweka kando kwanza, halafu naurudisha. Hakuna aliyenipiga faini."

Binti yangu aliandika maneno hayo katika daftari lake. Sikumwambia aandike.

Vyuo

Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi mwenyeji wetu alituzungusha kwenye vyuo, maana Morogoro ni mji wa wanafunzi, na vijana wa shule yetu wengi huishia huko. Nitavieleza kwa mpango wa miaka, kwa sababu mpango huo una fundisho.

Mwaka 1953, wakati matuta yale yakichimbwa kwa nguvu, Waingereza walifungua Mzumbe shule ya serikali za mitaa. Ilifundisha machifu na watumishi wa mabaraza ya wenyeji, watu wale wale waliotakiwa kuzifikisha amri za serikali vijijini. Baada ya Uhuru shule hiyo iligeuka kidogo kidogo: mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe.

Mwaka 1965 kilifunguliwa Chuo cha Kilimo Morogoro kutoa stashahada. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika, hicho kikawa ndicho kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; masomo ya misitu na ya tiba ya mifugo yakaongezwa baadaye katika miaka hiyo ya 1970. Tarehe 12 Aprili, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani humo humo Morogoro, akitoka Dodoma. Julai mwaka huo kitivo kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina lake: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Mazimbu ni habari ya peke yake. Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, chama cha ANC, ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge. Mwaka 1978 wakaanzisha hapo shule kwa ajili ya vijana wao waliokimbia makaburu, nayo ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili, 1979. Julai 1992 waliirudisha kwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Tulisimama penye makaburi yao. Mwanangu mdogo, ambaye tangu asubuhi alikuwa akidai soda, hakudai tena mpaka tulipotoka.

Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilianza kufundisha katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, na vingine vipo.

Sasa, ndugu wanafunzi, tazameni mpango huo. Mji ulianza kwa kufundisha jinsi ya kufikisha amri. Ukaja kufundisha kilimo, misitu na mifugo. Elimu ikaongezeka kwa kweli. Lakini elimu iliyo chini ya mlima haimfai mkulima aliye juu yake ila ipande miguu kama tulivyopanda sisi, ikaketi, ikaamkia, ikauliza. Bwana shamba wa mwaka 1950 hakuwa mjinga. Alijua mmomonyoko kuliko watu wengi wa wakati wake. Alichokosa ni habari za tabaka la udongo na za ukoo, na habari hizo zilikuwa kwa mtu aliyemtoza faini.

Yaliyofanyika baadaye

Mwenyeji wetu, ambaye kazi yake humpeleka milimani mara kwa mara, alitukumbusha jambo la kutia moyo. Tangu mwaka 2006, katika kata ya Kibungo Juu, upande ule ule wa milima wenye vyanzo vya Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa namna nyingine. Wakulima waliulizwa kwanza. Waliokubali walichimba matuta, walipanda miti na majani ya kushika udongo, nao wakalipwa kwa kazi hiyo, kwa hoja kwamba wanawatunzia maji watu wa chini. DAWASCO, shirika lililokuwa likiuza maji Dar es Salaam wakati huo, liliafiki kuchangia malipo.

Matuta yalikuwa yale yale yaliyomwaga damu Matombo. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeulizwa na nani aliyelipa. Wala sisemi kwamba mpango huo ulimaliza shida. Kata moja si mlima mzima, na miradi huwa na mwisho wake. Mwaka 2008 misitu ya juu ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, hekta 24,000 na ushei, nayo ina ndege na maua yasiyopatikana pengine duniani. Mwaka 2023 ujenzi wa bwawa la Kidunda ulianza, ili maji ya masika yawekwe kwa ajili ya kiangazi. Haya yote ni mema. Lakini bwawa hujaa matope kama udongo wa juu haukushikwa, na msitu haulindwi na karatasi kama jirani yake ana njaa.

Neno la muziki

Mama watoto ameniambia kwamba nikiandika Morogoro nisitaje muziki, wenzangu watanicheka. Basi: hapo ndipo Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilipovuma, na hapo ndipo Mbaraka Mwinshehe alipopiga gitaa katika Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano. Alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya. Kaburi lake liko Mzenga, Kisarawe, kwa hiyo ninyi wa Gwata ya Kisarawe mna haki ya kujivuna. Hata muziki uliotufurahisha bwenini ulikuwa wa bonde na wa mlima pamoja.

La kuwaachia vijana

Binti yangu hakuichana hotuba yake. Njiani kurudi aliisoma upya, akafuta ukurasa wa mwisho, akaniuliza kama inaruhusiwa kuunga mkono hoja ya kuuponya mto na kupinga hoja ya kuwahamisha watu. Nilimwambia kwamba katika mjadala wa shule mtu husimama upande mmoja, lakini katika uraia si lazima. Mjadala wenyewe haujafanyika ninapoandika haya. Upande atakaosimama ni shauri lake na walimu wake.

Kwenu ninyi mlio madarasani leo, wengi wenu mtakwenda Morogoro kusoma. Mtapewa maarifa mazuri, na Mungu akipenda mtakuwa mabwana shamba, mabibi shamba, maafisa misitu, mahakimu na wakurugenzi. Siku moja mtakaa mezani na kalamu mkononi, na mbele yenu patakuwa na karatasi inayosema watu fulani wahamishwe, au walazimishwe, kwa manufaa ya wengi walio mbali. Huenda karatasi hiyo ikawa na takwimu za kweli, kama zilivyokuwa za kweli mwaka 1950. Kabla ya kutia sahihi, pandeni.

Na kwetu sisi wazee wa shule, tunaofungua bomba Kibaha na Dar es Salaam na kulalamika likitoa hewa: tujue kwamba bomba lile lina mwisho wa pili, na mwisho huo uko katika shamba la maharage la mzee mmoja. Madhali tunamdai atutunzie maji, naye ana haki ya kutudai. Mkutano wetu wa mwaka huu una kipengele cha shughuli ya pamoja ya kujitolea. Napendekeza kwamba, badala ya kupaka rangi bweni ambalo tulilipaka miaka miwili iliyopita, tuchange miche na nauli, tuende na wanafunzi kwa siku mbili, tupande miti pale wenye mashamba watakapotuonyesha kwamba inafaa.

Nasisitiza maneno hayo ya mwisho: pale watakapotuonyesha.